Bafu la Mama na Miadi ya Fundi



Wiki hii twajibu barua. Mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kakamega miaka mingi iliyopita, ametuandikia kuwa nikaha ya bintiye imepangwa baada ya wiki kumi, na wageni wa kutoka pwani watafikia nyumbani kwake. Ameazimia kulivunja bafu la ghorofani na kulijenga upya, zuri, kwa vipimo vyake mwenyewe: kuta za marumaru, kioo kizima badala ya pazia, kabati la mvule lenye sinki mbili, bomba lililofichwa ukutani, na mahali pa kukaa mtu akitia udhu. Fundi amemwambia wiki sita. Anatuuliza: je, aanze?

Jibu letu ni kuwa asianze. Na kwa kuwa hapana tupu haimfai mtu mwenye harusi mlangoni, tutaeleza sababu, tukianzia na aibu yetu wenyewe.

Sisi pia tunakaa Kakamega, na sisi pia tulitaka bafu. Mama yetu, mtu mzima mwenye maradhi ya magoti, alikuwa aje kutoka Mombasa kufunga Ramadhani nasi mwaka 2025. Bafu la zamani lilikuwa na kizingiti kirefu na sakafu ya kuteleza, nasi tukasema tutamwandalia lake: lisilo na kizingiti, lenye vishikio ukutani na kigoda cha jiwe cha kukalia. Tulivunja wiki ya pili ya Januari, mafundi walipokwisha kurudi kutoka mapumziko ya Krismasi. Fundi alisema wiki nne. Tukahesabu: wiki nne, yaani katikati ya Februari, na Ramadhani yaingia mwanzoni mwa Machi. Tukaona tumebakiwa na nafasi ya kutosha, tukamkatia mama tikiti.

Bafu lile lilikwisha siku chache kabla ya Idi ya Kuchinja, mwanzoni mwa Juni.

Hatumlaumu fundi peke yake. Wiki nne alizozitaja zilikuwa ni za mikono yake: siku za kuvunja, kupitisha mabomba, kupiga lipu na kubandika vigae. Hakuhesabu siku za kungoja kwa sababu hatukumuuliza, na katika kazi ya namna hii kungoja ndiko kuliko kurefu kuliko kazi yenyewe. Bomba la kuchanganya maji moto na baridi, ambalo mwili wake hufichwa ndani ya ukuta, tulikuwa tumeliagiza China kwa wakala mwanzoni mwa Januari. Mwaka mpya wa Kichina uliangukia tarehe 29 Januari, na viwanda vya huko hufungwa kwa wiki kadhaa wakati huo. Ukuta haukuweza kuzibwa kabla ya bomba kufika. Sakafu haikuweza kumalizwa kabla ya ukuta. Na fundi, ambaye ana watoto wa kulisha, alikwenda kushika kazi nyingine. Bomba lilifika bandarini Mombasa mwishoni mwa Machi, na bado lilikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 800 ya barabara hadi kwetu.

Mama alikuwa amekwisha kuja. Tulimpa choo cha uani, kile cha wafanya kazi, na ndoo ya maji ya moto. Machi ni mwanzo wa masika, na mvua ya Kakamega hupenda kunyesha alasiri hadi usiku. Mama alikuwa akivuka ua ulioloa kwenda kujisitiri kabla ya tarawehe, na tena wakati wa daku. Usiku mmoja aliteleza, akauwahi mlango kwa mkono, akasema hakuna neno. Ni mjukuu wake wa miaka tisa aliyekuja kutuambia siku kadhaa baadaye kuwa bibi hanywi maji tena wakati wa kufuturu, akikhofu asije akahitaji kutoka usiku. Mtu mzima aliyefunga mchana kutwa alikuwa akijinyima maji usiku, ndani ya nyumba ya watoto wake, kwa ajili ya bafu lililokusudiwa kumstarehesha. Jambo hilo bado halijatutoka moyoni.

Baada ya Idi ya Ramadhani fundi alirudi, nasi, kwa uchungu wa tuliyoyaona, tukamsukuma. Hapa ndipo tulipofanya kosa la pili, na hili twaomba kila msomaji alisome kwa utulivu.

Sakafu ya bafu huwa na matabaka. Chini pana zege, juu yake tabaka la saruji na mchanga linaloipa sakafu mwinamo wa kupeleka maji kwenye tundu, juu yake dawa ya kuzuia maji, kisha gundi na vigae. Kila tabaka lataka siku zake. Zege hupimwa nguvu zake kwa siku 28. Tabaka la mchanga na saruji, kwa kanuni ya mafundi, hukauka kiasi cha milimita moja kwa siku, na hiyo ni pale penye hewa kavu. Tabaka la milimita 50 basi lahitaji siku kama 50. Kakamega, mji ulio jirani na msitu wa mvua, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takriban mara mbili ya Mombasa, na uko juu, penye baridi. Mwezi wa Aprili hata nguo haikauki. Ziko dawa na saruji za kukauka haraka, nazo zina bei yake, lakini ni lazima ziagizwe mapema na zitumiwe kwa masharti yaliyoandikwa kwenye mfuko.

Dawa ya kuzuia maji hupakwa angalau mara mbili, na mpako wa kwanza ukauke kabla ya wa pili, ipande na ukutani. Kisha huzibwa tundu, sakafu ikajazwa maji, ikaachwa saa 24 au zaidi, na mtu akenda chini kutazama dari. Jaribio hili halina gharama ila maji na subira. Fundi alilitaja, sisi ndio tuliosema tusonge mbele. Vigae vikabandikwa, vikapendeza, na siku ya tano ya kuoga likatokea doa la manjano kwenye dari ya jikoni. Tulivunja safu tatu za marumaru ambazo hazikupatikana tena Kisumu kwa rangi ile ile, tukangoja nyingine kutoka Nairobi. Ile siku moja tuliyoiokoa ilitugharimu wiki tatu na nusu.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa wageni wa kungoja. Mabirika ya kuogea katika nyumba za mawe za Lamu, yale ambayo chini yake ilizamishwa bakuli ya kauri na ndani yake wakafugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, yalipakwa chokaa laini iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Mawe ya matumbawe yalichomwa, chokaa ikazimwa kwa maji, kisha ikalazwa kwa miezi kabla ya kutiwa mkononi. Hakuna aliyemwendea mwashi kumuuliza kama chokaa italala upesi kwa sababu kuna harusi. Harusi ndiyo iliyosogezwa.

Turudi kwa mama yetu mwenye barua. Kioo anachokitaka hakiwezi kupimwa leo. Kioo cha bafu hukomazwa kwa moto ili kisimkate mtu kikivunjika, na kikishakomazwa hakikatwi wala hakitobolewi tena. Hivyo kila kipimo na kila tundu la bawaba lazima lijulikane kabla. Kuta hazinyooki kama zilivyo kwenye karatasi, kwa hiyo kioo hupimwa baada ya kigae cha mwisho kubandikwa. Weka wiki mbili au tatu kutoka siku hiyo. Meza ya jiwe ya juu ya kabati nayo hupimwa baada ya kabati kufungwa, na kabati la mvule lataka mbao zilizokauka barabara, la sivyo mlango utapinda katika mvuke wa maji moto. Seremala akikuambia ana mbao kavu, omba kuziona.

Kwa hesabu yetu, bafu kama lake lataka wiki tatu au nne za kuchagua na kuchora kabla ya nyundo kuinuliwa, wiki nane hadi kumi za kazi nyumbani, na kioo mwishoni. Kwa vifaa vya hapa nchini hiyo ni miezi mitatu na nusu hadi minne. Kikiwamo kifaa kimoja tu cha kuagizwa ng'ambo, tungesema miezi mitano, au avunje baada ya kifaa kuwa mkononi, ndani ya boksi lililofunguliwa na kukaguliwa. Ushauri huu wa mwisho ndio tungeupenda tuupate sisi.

Na aitazame kalenda yote, si ya kwake tu. Mafundi wa Magharibi huenda makwao katikati ya Desemba na kurudi Januari. Agosti ya miaka ya shufwa ni msimu wa jando kwa Wabukusu, na fundi mwenye kijana wa kutahiriwa hutamwona. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Fundi Mwislamu hupunguza saa, na ni haki yake.

Jambo jingine lataka kuamuliwa kabla ya bomba la kwanza kulazwa, nalo ni choo kitaelekea wapi. Mombasa kibla ni kaskazini karibu sawasawa. Kakamega ni kaskazini iliyoinamia mashariki kwa kiasi cha digrii 13. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu choo kilichomo ndani ya jengo, lakini wengi wetu hupenda kuepuka kukielekea kibla au kukipa mgongo. Choo chetu cha zamani kilielekea kibla, nasi tulikumbuka baada ya fundi bomba kumaliza. Kuhamisha bomba la uchafu katika zege kulikula siku sita. Kadhalika mpira wa kustanji: utaje siku ya kwanza, maana mchoraji asiye Mwislamu huenda asiuwaze.

Kuhusu mapatano, twaona watu wetu wanaona haya kuandikiana na fundi, kana kwamba karatasi ni tuhuma. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yahusu kuandika deni la muda maalumu. Na kazi ya kuundiwa kitu kwa vipimo vyako ina mlango wake katika fiqhi: ni istisnaa. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, iliamua kuwa mkataba huu huwafunga pande zote mbili zikitimia nguzo na sharti zake. Kwamba sharti zielezwe aina, kiasi na sifa za kitu, na muda uwekwe. Kwamba malipo yaweza kuwa kwa mafungu. Na kwamba yaweza kuwekwa sharti la fidia kwa ucheleweshaji, isipokuwa pale lilipotokea lisilozuilika. Basi gawanya malipo kwa hatua: arubuni, kisha fungu baada ya mabomba, fungu baada ya jaribio la maji, na fungu la mwisho lisiwe dogo. Andika pia nani anangoja nini: fundi akikaa bure kwa sababu bomba lako liko baharini, hilo ni lako.

Wapo watakaotuuliza kama bafu la marumaru si israfu. Swali hilo ni zuri, nasi tunaliachia kila nyumba na mfuko wake na dhamiri yake. Tutasema tu kuwa kizingiti kuondolewa na kishikio kutiwa ukutani si anasa kwa mwenye magoti mabovu.

Basi, mama yetu, katika hizi wiki kumi piga rangi, badilisha bomba zinazovuja, tia mpira mpya na kioo kipya cha kujitazamia, ziba mianya ya vigae. Hiyo ni kazi ya wiki moja. Waombe majirani wawili bafu zao kwa siku za wageni. Kakamega hatujawahi kumwona jirani aliyekataa kwa harusi. Uchaguzi wa vifaa uanze sasa, kwa raha, na nyundo isubiri bibi harusi aondoke. Na akikuzidi moyo ukavunja kabla, hakikisha nyumbani kuna bafu jingine ndani, chini ya dari, si uani.

Mama alirudi Kakamega mwezi wa Julai. Aliingia peke yake, akashika kishikio, akakaa juu ya kigoda cha jiwe akatia udhu, nasi tumesimama nje ya mlango kama wanafunzi wanaongoja matokeo. Alipotoka alisema, "Ni zuri, wanangu, Mungu awalipe. Lakini mbona maji ya moto yachelewa hivi kufika?" Hita iko upande wa pili wa nyumba. Hilo hatukulifikiria, na fundi amesema kulihamisha ni siku mbili.