Taa Imewaka, Halafu?

Neno la Mhariri

Nenda kwenye maonyesho ya sayansi ya shule za Nakuru, Njoro au Gilgil, na mara nyingi utaikuta: bodi ndogo ya buluu ya Arduino, au nakala yake kutoka China, imefungwa kando ya mche wa sukuma wiki. Udongo ukikauka, pampu inaanza. Meza ya pili ina nyingine inayowasha taa mtu akipita. Hatuna neno na miradi hiyo. Eneo lenye ngano ya Njoro na vivungulio vya maua vya Naivasha lina haki ya kuwaza maji. Tunachouliza katika toleo hili ni kwa nini kazi huishia hapo karibu kila mara.

Maana Arduino haikubuniwa kwa ajili ya pampu. Ilizaliwa mwaka 2005 huko Ivrea, kaskazini mwa Italia, katika chuo cha usanifu, ili wanafunzi wasiosomea uhandisi waweze kutengeneza vitu vinavyohisi na kujibu. Dirisha lake la kuandikia programu lilifuata sura ya Processing, ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianza mwaka 2001 ili wasanii wachore kwa kutumia kompyuta. Nasaba yake, basi, ni ya wachoraji na wabunifu. Kwetu imeingilia mlango wa uhandisi, na nusu ya kazi yake ikabaki nje.

Nusu hiyo ni rahisi kuionyesha. Chukua volyumu ya redio iliyokufa, ile ya kuzungusha; fundi yeyote wa mtaani anazo kopo zima. Miguu ya pembeni iunge kwenye volti 5 na graundi, wa katikati kwenye tundu la A0. Maikrokontrola, yaani chipu kuu ya bodi, itaupima umeme wa mguu huo na kuutaja kwa namba kati ya 0 na 1023. Namba inapita kwenye waya wa USB hadi kwenye kompyuta, na huko inapokewa na Pure Data, programu ya bure ambayo Miller Puckette alianza kuiandika miaka ya 1990. Sasa amua mwenyewe: mlio upande, picha ififie kwenye projekta, video irudi nyuma. Ukiigawa namba kwa 8 unapata 0 hadi 127, kipimo ambacho vyombo vya muziki vimekuwa vikielewana kwacho kwa njia ya MIDI tangu 1983. (Na kabla hujailaumu bodi kwamba haionekani kwenye kompyuta, badilisha waya. Nyaya nyingi za bei ya chini ni za kuchaji simu tu. Nyuzi za kupitisha data hazimo.)

Mafundi wa solda tunao wa kutosha, wakiwemo wale wanaotandaza taa na spika ndani ya matatu. Vijana wa kupiga beats, wahariri wa video za harusi na madijei tunao vilevile. Wanapanga vyumba katika jengo moja na bado hawajawahi kufanya kazi pamoja. Hata taa za matatu zinazocheza na mdundo mara nyingi huendeshwa na kisanduku kilichonunuliwa kikiwa tayari, chenye maiki ndogo ndani: kinasikia, kinawasha, basi. Vyuoni nako, elektroniki ina idara yake na video ina yake, na mtihani wa moja hauulizi lolote kuhusu nyingine. Hapa ndipo tunapoona kasoro. Vifaa si tatizo kubwa tena. Tatizo ni mpangilio wa mafunzo.

Mradi tulioupa kurasa nyingi zaidi unatokana na Hyrax Hill, nje kidogo ya katikati ya jiji la Nakuru, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938. Kwenye miamba ya pale kuna vishimo vya bao vilivyochongwa. Mwamba hauguswi, tunajenga ubao wa mti wenye safu 2 za vishimo 8, na chini ya kila kishimo kihisi cha mwanga. Arduino Uno ina matundu 6 tu ya kupimia, kwa hiyo vihisi vyote 16 vinapitia chipu ya 4067, ambayo huvichagua kimoja kimoja kwa zamu.

Ugumu huanza hapo, na utamu pia. Kihisi hakiwezi kuhesabu kete: ya kwanza ikishaziba mwanga, ya pili haina tofauti kubwa. Kinachosaidia ni kivuli cha mkono unaposambaza kete, kwani namba hushuka mara moja kisha hupanda, na programu inaufuata mchezo kishimo kwa kishimo. Mwanga wa saa sita mchana si wa jioni, kwa hiyo kipimo cha giza lazima kichukuliwe upya kila mchezo unapoanza. Halafu kuna kasi. Namba 16, kila moja na alama ya kuitenga, zinafika herufi 80. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde waya unapitisha herufi 960 kwa sekunde, yaani bao zima mara 12. Kwa mchezo wa kete inatosha. Kwa ngoma haitoshi. Mpigaji atausikia mlio ukichelewa. Panda hadi 115200 na utapata mara 144.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa watoto na vijana wanatafuta kazi. Tunawajibu kwa Roy Allela, mhandisi Mkenya aliyetengeneza glavu za Sign-IO. Vihisi vya kupinda viko kwenye vidole, alama za mkono zinatumwa kwa Bluetooth hadi kwenye simu, na simu inazitamka. Alianza kwa sababu ya mpwa wake asiyesikia. Ni kihisi, namba, programu na sauti, njia ileile ya volyumu ya redio.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jiji linastahili makumbusho ambamo mtoto anaruhusiwa kugusa kitu na kikamjibu, na watu wa kuifanya kazi hiyo wanaishi hapa hapa. Kwa walimu ombi letu ni moja: muhula ujao, mpangeni mwanafunzi wa elektroniki na wa video katika mradi mmoja, wapewe alama moja. Na wewe msomaji, michoro yote ya bao imo humu na programu zake hazilipiwi. Ukilijenga la pwani, lenye vishimo 32, tuandikie. Tumekuwekea nafasi katika toleo lijalo.