UKUMBI WA MAMA: Christina van Raalte, Mama wa Msituni

Katika mji wa Holland, jimbo la Michigan nchini Marekani, imesimama sanamu ya mchungaji Albertus van Raalte, Mholanzi aliyeuasisi mji huo mwaka 1847. Habari zake zimeandikwa vitabuni mara nyingi. Juma hili ukumbi wetu wapenda kumtazama mkewe, Christina Johanna de Moen. Kwani mji haujengwi kwa shoka na msumeno pekee, hujengwa pia na yule akaaye jikoni na kando ya kitanda cha mgonjwa.

Christina alizaliwa mwaka 1815 katika mji wa Leiden, nchini Uholanzi, katika nyumba yenye nafasi. Hakulelewa katika dhiki. Lakini mwaka 1834 baadhi ya waumini wa Kiprotestanti walijitenga na kanisa kubwa la nchi, wakisema limeiacha imani ya wazee wao. Mabinti watatu wa de Moen waliolewa na wachungaji watatu wa kundi hilo: Brummelkamp, van Velzen na van Raalte. Christina alifunga ndoa mwaka 1836.

Kuolewa na mchungaji wa namna hiyo kulikuwa kuolewa na matata. Sheria ilikataza watu zaidi ya 20 kukusanyika kwa ibada pasipo kibali cha serikali. Waliojitenga walitozwa faini, wengine walitiwa kifungoni, na askari waliletwa kulala na kula majumbani mwao. Hebu fikiri, mama mwenzangu, ni nani aliyewapikia askari hao? Bila shaka ni yule yule aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni na hofu moyoni.

Mateso hayo yalipopungua, njaa ikabisha hodi. Mwaka 1845 ugonjwa wa mimea uliozesha viazi mashambani, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini wa Uholanzi. Kazi zikawa adimu, mkate ukawa ghali. Katika vuli ya mwaka 1846, van Raalte na wafuasi wake walipanda merikebu iitwayo Southerner, wakasafiri baharini zaidi ya wiki sita, wakashuka New York tarehe 17 Novemba. Christina alikuwa na watoto watano, na mkubwa wao hakuwa ametimiza miaka 10. Baadhi ya jamaa zake walibaki Uholanzi. Ndugu waliozoea kushauriana ana kwa ana sasa waliungwa na barua tu.

Mwezi Februari mwaka 1847, katikati ya theluji, wanaume walitangulia kufyeka msitu kando ya ziwa lililoitwa Black Lake, ambalo leo huitwa Lake Macatawa. Wanawake na watoto wakafuata. Nchi yao ya asili ilikuwa tambarare ya malisho na mifereji. Wengi hawakujua kuangusha mti mkubwa. Makao ya kwanza yalikuwa vibanda vya matawi na magome, na sufuria zilitundikwa nje juu ya moto. Ngano ilikuwa haba, ikawabidi wajifunze kula unga wa mahindi. Sisi tuliokua na unga huo twaweza kutabasamu, lakini kwao ulikuwa chakula kigeni, na watoto waliukataa.

Kiangazi kilipofika, msiba ukaingia. Makazi yale yalikuwa karibu na vinamasi, nayo malaria, ambayo sisi twaijua vema mno, iliwaangusha watu nyumba kwa nyumba pamoja na maradhi ya tumbo. Mara nyingine hapakubaki mtu mzima mwenye nguvu ya kumpa mwenziwe maji. Wengi walikufa, wakaacha mayatima. Wanakijiji waliamua kujenga nyumba ya kuwalelea watoto hao. Hata hivyo, kabla haijaanza kutumika kwa kazi hiyo, watoto walikwisha kuchukuliwa na familia mbalimbali, na jengo likatumiwa kwa shughuli nyingine. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mama aliyekuwa na unga kidogo wa kuwatosha wanawe aliongeza bakuli moja mezani. Huo ndio utimilifu wa imani, awe mtu Mkristo au Mwislamu.

Katika nyumba za Waholanzi hao, dini haikuwa jambo la siku moja ya juma. Baada ya mlo, Biblia ilisomwa mezani kabla ya mtu kuinuka. Jumapili kazi zilisimama, kwa hiyo Jumamosi ilikuwa siku ya mama kumenya viazi, kupiga pasi na kuwaogesha watoto. Pumziko la nyumba nzima lilitangulizwa na uchovu wa mtu mmoja. Jambo hilo lafaa kukumbukwa hata leo kila tunapoketi kufurahia sikukuu.

Christina alizaa tena huko Michigan, na wapo watoto aliowazika wangali wachanga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoigawa Marekani, wanawe wawili, Benjamin na Dirk, walijiunga na jeshi la Kaskazini. Mwaka 1864, katika mapigano ya kuuteka mji wa Atlanta, Dirk alipoteza mkono. Mama aliyemvusha mtoto bahari ili apate amani alimpokea akiwa kilema wa vita. Dirk hakukata tamaa. Baadaye aliingia katika baraza la kutunga sheria la Michigan.

Mumewe naye hakutulia. Alisaidia kuanzisha Hope College, iliyopata hati yake mwaka 1866, na mwaka 1869, Christina akiwa na umri wa miaka 54, alianza tena kutafuta makazi mapya huko Virginia. Makazi hayo hayakustawi. Christina alifariki tarehe 30 Juni 1871. Miezi mitatu baadaye, tarehe 8 Oktoba, moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Holland.

Haki yatudai tuseme na hili: msitu ule haukuwa mtupu. Ulikuwa na wenyeji, Waottawa, waliokuwa na kanisa lao na mashamba yao. Mwaka 1849 walihama kwenda kaskazini. Miongoni mwao walikuwamo akina mama waliofunga mizigo na kuyaacha makaburi ya watoto wao, nao majina yao ni nadra kutajwa.

Je, akina mama, tumsifu Christina kwa uvumilivu wake? Naam, tumsifu. Lakini tusiufanye uvumilivu wa mwanamke kuwa kisima kisichokauka, kila mtu akichota pasipo kuuliza kina chake. Mume amwambiaye mkewe, "Tunahama," na amuulize kwanza, "Waonaje?" Na mama aliyehama, kwa vita, kwa njaa au kwa kumfuata mume, asiachwe pekee yake katika ujirani mpya. Abishiwe hodi, aonyeshwe kisima, soko na zahanati, na mtoto wake akiumwa apatikane jirani wa kukesha naye.

Kadhalika, wenye mama zao wangali hai, wawaulize habari za safari zao na kuziandika daftarini, pamoja na majina ya watoto waliofariki.