SHAURI LA JUMA HILI: KAMBA KUUKUU

Wahenga walisema ya kwamba kamba hukatikia pembamba. Walio wengi hulikumbuka neno hili baada ya ndoo kuzama kisimani au mashua kuchukuliwa na maji. Kutoka Diani mpaka Msambweni na Vanga, kamba hututekea maji, hutufungia ng'ombe malishoni, tena hushika nanga. Lakini ikisha kuchakaa, twaitupa nzima kando ya njia au ufuoni. Hilo ndilo kosa. Mpita njia huiokota, huona ya kuwa ingali ndefu, huitumainia kwa kazi nzito, nayo ikamkatikia. Kwa hiyo kamba iliyokwisha kazi haina budi kukatwa vipande vifupi, mtu asiweze kuitumia tena.

Kwanza, itazameni. Fungueni nyuzi zake. Zikiwa zimegeuka unga ndani, au zikikatika kwa kuvutwa kidogo tu, kazi yake imekwisha. Msiikate ikiwa imekazwa, maana hurudi kama mjeledi. Ilegezeni, ilazeni juu ya gogo lililotandikwa gunia, mkate kwa kisu kikali, makali yakielekea mbali na mwili, na watoto wasikaribie. Kipande kisizidi shubiri moja, kisije kikawa kitanzi cha mguu wa mbuzi.

Pili, tengeni. Kamba ya makumbi na ya katani zatokana na mimea, nazo hurudi kuwa udongo. Vipande vyake vitieni katika shimo la mbolea, au vitandazeni chini ya mnazi ili vihifadhi unyevu. Lakini iliyolowa lami au mafuta ya mashine isitiwe shambani kamwe.

Kamba ya nailoni, na nyingine za plastiki, ni habari mbali. Haziozi upesi hata miaka mingi ipite. Zikichomwa hutoa moshi wenye sumu, na matone yake ya moto hunata katika ngozi. Zikizikwa, jembe huzifukua. Ng'ombe akizila huziba tumbo lake, naye aweza kufa. Zikitupwa baharini humnasa kasa, ambaye hutaga mayai katika mchanga wa Diani, naye hupumua hewa kama sisi. Akishikwa chini ya maji hufa.

Basi vipande hivyo, pamoja na nyuzi zilizoanguka, vitieni katika gunia mvipeleke penye kukusanywa plastiki. Wavuvi washauriane na vikundi vyao vya usimamizi wa ufuo, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, ili pawe na pipa moja hapo mashua zitiapo nanga. Sheria ya taka ya mwaka 2022 nayo yatutaka tutenge taka zinazooza na zisizooza.

Wala msidhani ya kuwa plastiki iliyotupwa haina faida. Mwaka 2018 huko Lamu mafundi walishusha majini jahazi lililoundwa kwa plastiki kuukuu, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja.

Kila mwenye boma na azunguke ua wake leo jioni, aitazame kamba ya kisima kwanza.