KONA YA MWALIMU: Kaa Chini ya Mti Kwanza, Brashi Baadaye

Mwezi huu tuongee juu ya miti na rangi. Kuna mzazi aliniuliza, "Mwalimu, hizo picha za miti zitatupa chakula?" Ni swali la haki, nami nitalijibu.

Nianze na mti wangu. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi Kenya, familia nyingi zilivuka mpaka pale Busia na Malaba, zikapokewa Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye zikahamishiwa Kiryandongo. Mimi nilikuwa mtoto, nimeshika leso ya mama. Nakumbuka vitu viwili tu: lile jiwe kubwa la Tororo linaloonekana ukiwa mbali, na mwembe tuliokaa kivulini mwake. Ndiyo maana kila nikishika brashi, huo mwembe unakuja wenyewe.

Sasa, tulipopata rangi za akriliki niliwaambia watoto wachore mti. Karibu wote walichora kitu kimoja: fimbo ya kahawia na duara la kijani juu, kama mwiko uliovishwa kofia. Kijana mmoja tu alichora mvule mweusi, hauna hata jani. Nikamwambia, "Miti ni ya kijani bwana, rudia." Akaweka brashi chini, akanyamaza.

Kesho yake bibi yake akaja. "Mwalimu, ule mvule ulikuwa nyumbani kwetu. Uliungua pamoja na nyumba." Nikasema, "Bibi, nisamehe." Nilimwomba kijana msamaha pia, mbele ya wenzake. Mimi mwenye mwembe wangu wa Tororo ndiye niliyemkataza wa kwake!

Kutoka siku hiyo tunatoka darasani. Tunakaa chini ya mti dakika kumi bila brashi, tunaangalia tu. Watoto waligundua kwamba majani machanga ya mwembe yana wekundu, na kwamba shina si la kahawia, lina kijivu na weusi. Katikati ya majani kuna matundu ya mbingu, na hayo pia huchorwa.

Wazazi, mkitaka kujaribu nyumbani, akriliki ni rahisi. Unachanganya na maji, lakini inakauka haraka, kwa hiyo kamua kidogo kidogo na osha brashi mara moja. Ikikaukia kwenye brashi, basi, brashi imekufa. Changanya bluu na njano upate kijani, tia tone la nyekundu kijani kipoe. Anza na sehemu za giza, mwanga uje mwisho. Huna kitambaa? Boksi gumu au kipande cha mbao kinatosha.

Halafu niliwaambia juu ya mutuba, mti wa nguo ya gome hapa Uganda. Fundi huambua gome, kisha hulifunga shina kwa majani ya mgomba, na gome jingine huota. Mti haufi, utavunwa tena. Ufundi huo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, na wako wasanii wanaochora juu ya nguo hiyo. Yule kijana akauliza, "Nani hulifunga?" Nikamjibu, "Watu wenye mikono ya kujua." Akafikiri.

Wiki iliyofuata alichora tena mvule wake. Bado ni mweusi, bado hauna majani. Lakini shina amelizungushia majani mabichi ya mgomba, amelifunga kwa kamba. Sikumsahihisha kitu. Bibi yake ameitundika mlangoni.

Na chakula? Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwenye vipande vya mbao, kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki 1972, lakini hadi leo familia nyingi zinakula kwa mtindo ule. Siwaahidi hivyo. Ninachosema ni kwamba mtoto ambaye alikuwa hasemi sasa anasema, na hicho nacho ni chakula.

Kazi ya mwezi: mzazi, kaa na mtoto wako chini ya mti wowote, umsimulie mti mmoja wa kwenu. Yeye achore, wewe usimwambie ni wa rangi gani.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu