Mgeni Huaga

Ijumaa ya mwisho kabla ya kufunga shule, katikati ya Juni, wanafunzi wangu huandikiana mashati. Kila mmoja anakuja na kalamu ya wino mzito, anamgeuza mwenzake mgongo, anaandika jina, anachora moyo, anaongeza mji anakohamia. Ikifika saa sita mchana mashati meupe yameshakuwa kama ukuta wa stendi ya daladala. Wanapiga picha, wanakumbatiana, wanalia kidogo, mabasi yanawashwa. Mzee wa getini anafungua geti, anapiga saluti, mabasi yanatoka, anafunga geti.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya kimataifa hapa Dar es Salaam, huu ni mwaka wa kumi na mbili. Jina la shule naliacha. Ni ndogo, na ninayoyasema nimeyaona pia katika shule nyingine za aina hiyo nilizoalikwa. Ilinichukua miaka sita kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Mwaka huo kulikuwa na mvulana wa Kiholanzi wa miaka kumi, aliyekuwa amekaa nchini miaka minne. Tangu siku zile begi lilipokuwa kubwa kuliko yeye, mzee wa getini ndiye aliyempokea akishuka kwenye basi. Siku ya kuondoka moja kwa moja, shati lake lilijaa majina hadi kwenye mikono. Basi lilipopita getini alikuwa dirishani, ameinamia simu. Mzee alipunga mkono. Basi likakata kona.

Sikumlaumu mtoto. Nilijiuliza miaka minne ile nilikuwa nimemfundisha nini.

Kwa wasiozijua shule hizi, mwaka wao huanza Agosti na kuishia Juni, wakati watoto wetu wengine wako kwenye likizo ya katikati ya mwaka. Wazo lenyewe lina umri wa karne moja: International School of Geneva ilifunguliwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Ushirika wa Mataifa na Shirika la Kazi Duniani, watu waliokuwa wakihamishwa na kazi. Kwetu, International School of Tanganyika ilianza 1963, miaka miwili baada ya uhuru, na Moshi wakapata yao 1969. Siku hizi watoto wa Kitanzania wamo, lakini wengi darasani kwangu bado ni wa balozi, wa miradi na wa kampuni za kigeni, na mkataba wa mzazi ni miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo Juni ni msimu wa kuhama. Kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi friji inauzwa, jenereta inauzwa, mbwa anatafutiwa nyumba. Katika darasa la watoto kumi na wanane, watano hawatarudi.

Ndiyo maana sherehe zao za mwisho wa mwaka ni nyingi na zina machozi. Kuna onyesho la muziki, kuna michezo ya wazazi na watoto, kuna mahafali ya wakubwa waliomaliza mitihani yao Mei, na majoho yao ya kukodi. Kubwa kuliko zote ni siku ya mataifa. Uwanja mzima unajaa bendera. Mama wa Kikorea anauza kimchi, Wahabeshi wameleta injera, Wahindi wameshinda wakikaanga sambusa. Watoto wanapita kwa maandamano, kila kundi na vazi la kwao, na makofi yanalia.

Kibanda cha Tanzania ni jukumu langu. Miaka yote hiyo nimesimama pale na shati langu la batiki, nyuma yangu vinyago viwili, kanga zimetundikwa, sinia la maandazi mbele. Kikundi cha ngoma kinakodiwa kutoka mjini, kinacheza robo saa, kinalipwa, kinaondoka. Kisha darasa la tatu wanaimba “Jambo Bwana”, wimbo ambao Them Mushrooms wa Mombasa waliutoa mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakiwa wanapiga muziki kwenye hoteli za watalii. Ni wimbo mzuri, sina ugomvi nao. Ila mtoto aliyeishi Dar miaka minne hapaswi kukaribishwa tena nchini siku anayoondoka.

Na wakati huo wapishi wako jikoni, madereva wako kivulini chini ya mwarobaini, wafagizi wanasubiri sherehe iishe waanze kuokota vikombe. Nchi iliyowapokea watoto hawa iko palepale uwanjani, imeshika ufagio. Mimi niko kibandani nauza picha yake.

Hata kalenda inashirikiana nasi katika kosa hili. Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ni Julai 7. Tarehe hiyo shule yetu ina wiki tatu imefungwa. Kiswahili kinaadhimishwa viti vikiwa vimepandishwa juu ya meza.

Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuhusu kuja kwa mgeni tuna methali tele. Kuondoka kwake tumekuachia desturi, nayo ina ufundi wake. Mtu wa kwetu hainuki tu akaenda. Hujisogeza kwanza kwenye kiti, akasema, “Basi jamani, naomba niwaage.” Mwenyeji atashangaa, “Mbona mapema?” Atamtajia chai iliyo jikoni. Mgeni atasisitiza, atapeana mikono na kila aliyemo, mpaka bibi aliyelala chumba cha ndani ataendewa huko huko. Kisha mwenyeji atavaa kandambili amsindikize hadi njia panda, na hapo hadithi itaanza upya. Katika yote hayo anayeaga ni yule anayeondoka. Aliyekula kwako wiki nzima akaondoka alfajiri bila kuaga, utahesabu vijiko.

Oktoba ya mwaka juzi nilikwenda mahafali ya kidato cha nne ya mpwa wangu, shule ya kata, huko Mkuranga. Turubai la kukodi, mgeni rasmi amechelewa saa mbili, kwaya imeimba hadi imekauka koo. Wahitimu wakasoma risala. Zamani risala hizi zilinichosha, zote zinafanana: salamu, shukrani, mafanikio, changamoto, maombi. Safari hii niliisikiliza. Kabla hawajafika kwenye upungufu wa madawati na kisima kilichokauka, walimshukuru mkuu wa shule, walimu, halafu “watumishi wasio walimu”. Mpishi wao alikuwa amesimama pembeni na kanga kiunoni. Alipotajwa, kidato kizima kilimgeukia na kumpigia vigelegele. Shule haina maji, lakini inajua kuaga.

Basi mwaka jana, wiki ya mwisho, niliacha mazoezi ya sarufi. Nikaandika ubaoni: naomba kukuaga. Tukajifunza kwaheri na kwaherini, tukajifunza kwaheri ya kuonana, tukajifunza kusema Mungu akipenda. Kisha nikawapa kazi ya kufanya: kila mtoto akawaage watu watano wa shule ambao si walimu na si wanafunzi, akawafuate walipo, na arudi na majina yao.

Walirudi kimya kuliko walivyotoka. Msichana mmoja wa Kikorea alikuwa ameandika jina la mama anayesafisha maktaba: la kwake, la baba yake na la ukoo, kwa mwandiko wa taratibu, na chini yake mkoa aliotoka. Akaniambia, “Mwalimu, ana watoto wanne. Mmoja ana umri wangu.” Walikuwa wamesalimiana kila siku kwa miaka mitatu. Jikoni nako mpishi mkuu alimuuliza mvulana mmoja, “Sasa wewe ukienda, maharage yangu atayamaliza nani?” Mvulana alikosa Kiswahili cha kujibu, akamkumbatia.

Nilipoomba zoezi hilo liingizwe kwenye sherehe yenyewe, mwenzangu wa kamati aliniambia ratiba imejaa. Mwingine akasema watumishi wanalipwa mishahara yao, na kuwasimamisha mbele ya watu ni kuwaaibisha. Hoja ya pili ni nzito. Kumwita mpishi jukwaani apewe boksi la sabuni na apigwe picha ni sherehe ya mtoaji, na sitaki kuiona. Mshahara nao ni malipo ya chakula alichopika. Kuaga hakumlipi mtu chochote. Kunamjulisha kuwa uliona kwamba ulikuwa kwake.

Wazazi wa Kitanzania nao tusijifiche. Kuna mzazi wa hapahapa aliyeniomba mwanawe aondolewe kwenye Kiswahili aongezewe Kifaransa, kwa kuwa Kiswahili “atakitumia wapi?” Mtoto huyo anapelekwa shule na dereva anayezungumza Kiswahili, kutoka nyumba inayopikiwa kwa Kiswahili. Naye hajawahi kumuaga maishani mwake mtu anayemtumikia. Hana mkataba wa kumhamisha, lakini ameshaanza kuwa mgeni.

Ninachoomba kwa shule hizi ni kidogo. Siku ya mataifa, watumishi wote wakae vitini, na vikombe viokotwe na sisi wengine. Wanaoondoka watoe risala fupi kwa Kiswahili, hata kama ni cha kubabaisha, waliyoiandika wenyewe, yenye majina ya watu. Ratiba ya mwaka jana ilikuwa na saa nne na nusu. Naomba dakika kumi.

Siku ile ya zoezi, wa mwisho kurudi alikuwa mtoto wa miaka tisa, naye anahama. Nilimkuta getini. Alikuwa amesema, “Shikamoo babu, naomba kukuaga,” na mzee akavua kofia ya kazi. Akamuuliza anakwenda wapi, atarudi lini, mama yake hajambo. Halafu akamwachia mwenzake funguo, akatoka naye nje ya geti, wakatembea pamoja hatua kama ishirini hadi kwenye mwembe ulio barabarani, wakapeana mikono, wakarudi. Mtoto alikuwa bado ana vipindi viwili, hakuwa akienda popote. Mzee aliyajua hayo.

“Huyu amefundwa,” aliniambia, akivaa kofia yake.