Programu Nayo Ipimwe Kabla ya Mgonjwa

Mizani ya kliniki ya watoto hurudishwa kwenye sifuri kabla mtoto hajapimwa. Programu ya kompyuta inayotunza uzito huo, kipimo cha dawa na tarehe ya kurudi yastahili uangalifu uo huo, iwe katika zahanati ya Machame au KCMC mjini Moshi anakopelekwa mgonjwa kwa rufaa.

Haitoshi fundi kubofya mara chache katika kompyuta yake na kutangaza kuwa programu ni nzima. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya mionzi ya Therac-25 iliwazidishia mionzi wagonjwa wasiopungua sita nchini Marekani na Kanada. Baadhi yao walifariki. Kosa mojawapo la programu yake lilijitokeza pale tu mhudumu aliposahihisha maandishi kwa haraka. Mjini Tyler, Texas, mwaka 1986, lilithibitishwa kwa kurudia hatua zilezile kwa kasi ileile.

Marudio ya namna hiyo ndiyo kazi ya majaribio yanayojiendesha: programu maalumu huandika, hubofya na kulinganisha majibu bila kuchoka. Lakini majibu yake huaminika tu iwapo kompyuta ya mezani inayotumika haibadiliki. Itengwe kwa kazi hiyo pekee. Skrini yake isijizime, wala masasisho yasiingie katikati ya jaribio. Kila jaribio lianze na kumbukumbu zilezile za wagonjwa wa kubuni, kwani taarifa za wagonjwa halisi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Aidha, ifanane na kompyuta ya mapokezi. Iliyopangwa kwa desturi ya Kimarekani husoma 03/04 kuwa Machi 4, ilhali muuguzi amekusudia Aprili 3. Nukta ikipotea, mililita 2.5 za dawa huwa 25. Hata umeme ukatwe makusudi, ionekane kilichosalia.

Watakuwapo watakaosema kuwa hiyo ni anasa pale vitanda visipotosha. Hata hivyo, kompyuta moja ya kawaida yaweza kulinda vituo vingi vinavyotumia programu moja. Basi kila mganga mfawidhi, kabla ya kupokea toleo jipya, aulize: limejaribiwa katika kompyuta ya namna gani, na mara ngapi? Asiyepata jibu asilipokee.