SIMU SI PAMBO
Wako wasemao kwamba simu ya kisasa ni pambo la vijana. Sisi hatukubaliani nao. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini Uganda mwaka 2009, chombo hicho kimekuwa benki ya mchuuzi wa Mbale. Naye mkulima wa kahawa wa Mlima Elgon, akiwa na intaneti, huuliza bei kabla ya kuteremsha mzigo wake.

Mwaka 2018 Serikali iliwatoza watumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku. Mwaka 2021 kodi hiyo ilifutwa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya intaneti.

Jembe halitozwi kodi kila linapolima. Kodi hiyo ipunguzwe. Nao vijana wakitumie chombo hicho kwa kazi, si kwa porojo.